Siku Kumi na Moja za Mvua

Machi 3

Nimehamia chumba cha nyuma kwa mama. Cherehani yake imebaki humo humo na sasa ndiyo meza yangu ya kusomea. Miaka kumi na saba nimefundisha hesabu sekondari, nikajibana nikasoma takwimu mpaka shahada ya pili, na leo nimeandikishwa kuwa mwanafunzi wa uzamivu katika mambo ya mito na mafuriko. Kuhusu mito najua kwamba ina maji. Mradi ulitaka mtu wa takwimu, mimi nilitaka kutoka darasani kabla chaki haijanimaliza, tukakutana hapo.

Mama ameniuliza nitakuwa daktari wa nini. Nimemwambia wa mvua. Amecheka mpaka akashika ukuta.

Machi 4

Msimamizi wangu amenipa dakika tisa. Nilizihesabu kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa chake.

"Namba unazo," alisema. "Maji utayazoea. Soma kwanza."

Akanipa orodha ya makala sitini na moja. Nikamwuliza nianze na ipi. Simu yake ikaita, akapokea, akamwambia mtu, "Nipo njiani," huku amekaa kitini na viatu amevua. Kuanzia leo humu ndani anaitwa Profesa Nipo Njiani.

Machi 6

Nimesoma makala nne. Sijaelewa hata moja. Nimekaa bafuni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikatoka.

Machi 7

Kaka ameniona. Alipopita mlangoni kwangu alisema tu, "Kesho saa mbili na nusu uvae viatu vya tope, Mwalimu."

Machi 8

Kaka yangu anafanya kazi chuo hicho hicho, miaka kumi na tisa sasa na hii inakwenda ya ishirini. Si profesa wala dokta. Kwenye karatasi za ajira ni msomaji wa kipimo. Idara nzima wanamwita Saa Tatu, kwa sababu kila siku ya Mungu, iwe Jumapili, iwe ana homa, saa tatu kamili asubuhi yuko nyuma ya maabara anapima mvua ya siku iliyopita. Alikuwa mwaka wa pili chuoni baba alipofariki, akaacha masomo ili mmoja wetu awe karibu na mama. Huyo mmoja hakuwa mimi.

Kituo chenyewe ni uwanja mdogo wenye ua wa waya, mteremko unashuka hadi mtoni. Kuna mtungi wa shaba uliofukiwa nusu ardhini, una faneli juu na chupa ndani. Kuna kibanda, kigoda, na kabati la chuma lenye daftari zake zote. Saa tatu ilipogonga alitoa chupa, akaimimina kwenye bilauri nyembamba yenye alama za milimita, akapiga magoti.

"Usisome umesimama," aliniambia. "Ukisimama unaona unachotaka kuona. Inama mpaka jicho likutane na maji."

Niliinama. Bilauri ilikuwa kavu. Akanipa kalamu na daftari, nikachora kistari kwenye safu ya mvua. Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wanaogawanya kwa sifuri.

"Hiyo nini?"

"Si hakuna mvua?"

"Hakuna mvua ni sifuri. Sifuri maana yake ulikuja, ukainama, ukaona pakavu. Mstari maana yake hukuja. Usivichanganye, Mwalimu. Mtu atakayefungua daftari hili baada ya miaka hamsini hakujui wewe wala mimi. Anataka kujua kitu kimoja tu, kama ulikuwepo."

Akanifanya nisahihishe na niweke sahihi pembeni, mtu mzima mimi. Nikamwuliza safu ya mwisho ni ya nini. Akasema ni ya maelezo, neno moja linatosha: ukungu, upepo, mvua ya mawe. "Hatuandiki barua hapo."

Tulipokuwa tunafunga kabati aliongeza jambo. "Namba ikikukwaza, uje uniulize. Kabla hujaiweka popote. Kituo hiki kina mambo ambayo hayamo kwenye kompyuta."

Nikasema sawa, kaka. Nilisema kama mtu anavyomwambia kaka yake sawa, macho yako kwenye matope ya viatu. Lakini nilirudi nyumbani nimechangamka kuliko siku zote tangu nihamie. Makala ya kwanza nimeirudia na nimeelewa nusu.

Machi 9

Sifuri. Nilikuwepo.

Machi 13

Sifuri. Jua kali. Kaka anasema mvua iko nyuma ya kilima inatafuta viatu.

Machi 17

4.2. Mvua yangu ya kwanza! Nimeisoma mimi, yeye akahakiki, akasema 4.2 pia. Mama amekaanga mayai kusherehekea, ingawa amesema hajui tunasherehekea nini.

Machi 21

11.8. Nimeelewa kwa nini mto unapanda kesho yake na si siku ile ile. Kaka alinieleza kwa sifongo ya kuoshea vyombo na birika la maji, dakika tano, mezani kwa mama. Profesa Nipo Njiani ameahirisha mkutano wetu mara ya tatu.

Machi 25

Ofisi imenipa faili la kompyuta lenye vipimo vyote vya kituo tangu kaka aanze. Mtu fulani ofisini alivichapa vyote kutoka kwenye daftari. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuondoa tarehe. Watu wa takwimu tunafanya hivyo, tarehe zinatuchelewesha. Januari mosi ya mwaka wake wa kwanza imekuwa siku ya 1, na nyingine zikafuata kama wanafunzi kwenye mstari. Zimefika zaidi ya elfu saba.

Kaka alichungulia skrini. "Tarehe zimeenda wapi?"

"Sizihitaji."

"Mimi ningefungua daftari," alisema, akaenda kuosha bilauri.

Machi 30

26.4. Ukuta wa chumba changu unavuja. Cherehani imehamia katikati.

Aprili 2

Nimepangiwa tarehe 24 kutetea pendekezo langu la utafiti mbele ya jopo. Nisipopita, nafasi inapewa mwingine na mimi narudi kwenye chaki.

Aprili 5

18.0. Kaka amenisikiliza nikijaribu kuwasilisha, yeye akiwa jopo. Kila nikisema neno kubwa anakohoa. Nimebakiza maneno makubwa sita.

Aprili 8

Leo ni tarehe nane. Binti yangu angekuwa na miaka kumi na miwili.

Alikuwa na minne. Homa ya siku mbili. Nilikuwa nafundisha mji mwingine, mwendo wa siku nzima kutoka hapa, baba yake yuko safarini, na aliyefika wa kwanza alikuwa kaka. Alisema ameomba ruhusa. Alilala chini mlangoni kwangu, akapokea watu, akawajibu, akaosha vyombo vyao, akakaa mpaka nilipoweza kujipikia chai mwenyewe. Baba yake mtoto alifika siku ya tatu na kuondoka ya tano, na baadaye akaondoka kabisa.

Leo kaka ametoka kituoni akakaa kwenye kigoda nje ya chumba changu, akitengeneza mwavuli. Ameutengeneza mpaka jioni. Mwavuli ule haukuwa na tatizo lolote.

Aprili 11

NIMEMKAMATA MTU.

Siku ya 4,117 hadi ya 4,127. Siku kumi na moja mfululizo, na vipimo vyake vyote ni namba kamili, havina desimali hata kimoja: 10, 15, 20, 10, 5, vinaendelea hivyo. Kaka haandiki hivyo. Kaka ana 4.2, ana 26.4, akiandika 18 anaandika 18.0. Nikalinganisha na kituo cha mtambo wa maji cha juu ya mto, na siku hazioani: kwao kukavu, kwetu 20, wao wamenyeshewa vibaya, kwetu 5. Mvua hii imebuniwa. Nina uhakika kama nilivyo na uhakika wa jina langu.

Itakuwa kuna mtu alimshikia nafasi akiwa likizo, akaona uvivu kuinama. Nimewaza nikamwonyeshe. Halafu nikawaza, ngoja, nitamshtukiza. Siku ya jopo nitasafisha daftari zake mbele ya watu wote.

Aprili 14

Hatimaye nimempata Profesa, kwa simu, na safari hii nadhani kweli alikuwa njiani kwa sababu nilisikia honi.

"Jopo wanakuona mwalimu wa hesabu aliyepotea njia," alisema. "Wapige mapema. Kuna kasoro kwenye data? Anza nayo."

Nikamweleza siku zangu kumi na moja. Alifurahi mpaka sauti yake ikazishinda honi. "Hiyo hiyo. Slaidi ya tano."

"Nimwulize msomaji kwanza?"

"Ukimwuliza atakupa maelezo. Jopo halitaki maelezo, linataka jicho."

Mtu ukiwa mgeni kwenye fani unashika mkono wowote unaonyooshwa. Lakini sitajidanganya humu: mkono wa kaka ulinyooshwa mapema zaidi. Huu wa Profesa niliupenda kwa sababu ulinisifu.

Aprili 16

31.6. Slaidi ya tano imependeza sana. Nimezipaka zile siku rangi nyekundu.

Aprili 20

Nimemwomba kaka aje na daftari siku ile, aziweke mezani mbele ya jopo wazione. Amesema atavaa shati jeupe. Mama ameshaanza kulipiga pasi, na bado siku nne.

Aprili 23

Sina usingizi wala hamu ya kula. 9.4.

Aprili 25

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo, kila kitu, kwa sababu nisipoandika nitaanza kujitungia.

Chumba cha mikutano, jopo la watu watano, mkuu wa idara katikati, mama mpole mwenye miwani ya kamba. Profesa alikuwepo, amekaa pembeni ananitikisia kichwa. Kaka alisimama karibu na mlango, shati jeupe, daftari kumi na tisa ziko kwenye meza ndogo mbele yake, amezipanga kwa mwaka.

Slaidi nne za kwanza zilikwenda. Ya tano ikatokea, na wekundu wake. Nikaona mkuu wa idara anavua miwani na kuivaa tena, na Profesa anajinyoosha kitini, na nikalewa. Hakuna neno jingine. Nililewa kama mtu aliyekunywa.

Nikasema, "Siku hizi kumi na moja mtu huyu hakuwepo kituoni. Alikaa kitako nyumbani kwake akabuni mvua."

Walicheka. Nikaongeza, "Hata ubunifu wake mvivu, mvua yenyewe haina desimali." Wakacheka tena.

Mkuu wa idara akauliza, "Hizo ni tarehe gani?"

Tarehe sikuwa nazo. Nilikuwa na siku ya 4,117. Nikasema kwa madaha, Mungu anisamehe, "Kaka yangu ndiye mwenye kituo, atatufungulia daftari." Nikamgeukia. Nilikuwa natabasamu.

Alikuwa ameshajua. Niliona baadaye, nikikumbuka, kwamba mkono wake ulikuwa tayari juu ya daftari la kumi na mbili kabla sijamaliza kusema. Akalifungua bila kutafuta ukurasa.

"Tarehe tisa Aprili," alisoma. "Mpaka tarehe kumi na tisa. Mwaka ule..." akautaja mwaka.

Sikuhitaji autaje. Aliposema tisa Aprili miguu yangu ilijua kabla ya kichwa. Nikaona mlango wangu wa zamani, na mtu amelala chini, na sufuria zinaoshwa.

"Mwandiko ni wa nani?" mkuu wa idara aliuliza, kwa upole.

"Wangu," alisema kaka.

"Ulikuwa kituoni?"

"Hapana, mama."

Akasubiri aulizwe alikuwa wapi. Hakuulizwa. Hakunitazama hata mara moja. Sijui kama alikuwa ananificha au amenichoka. Mkuu wa idara akaandika kitu, akafunika kalamu, akaniambia, "Tafadhali endelea."

Na mimi nikaendelea.

Hili ndilo ninaloliandikia. Kosa la kwanza naweza kulitetea: sikujua. Lakini pale nilikuwa najua. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na sauti, ningeweza kusema, alikuwa kwangu, nilikuwa nimezika mtoto. Nikabonyeza kitufe, ikaja slaidi ya sita, nikaisoma. Nikasoma mpaka ya ishirini na mbili. Wakati wa maswali nilijibu vizuri. Kaka alibaki amesimama mlangoni mpaka mwisho kwa sababu daftari zilikuwa juu ya meza na yeye ndiye wa kuzirudisha.

Nimepita, kwa pongezi. Waliandika, "jicho kali."

Aprili 26

Kaka alikwenda kituoni kama kawaida, akarudi saa tatu na robo. Wamechukua funguo.

Anakula chumbani kwake. Mama anatutazama kwa zamu na hajauliza.

Aprili 29

Nimekwenda kwa mkuu wa idara. Nimemwambia kila kitu, mtoto, homa, siku kumi na moja, huku kamasi zinanitoka kama mtoto wa chekechea. Alinipa karatasi ya kujifutia, akafungua faili la kaka, akanionyesha barua mbili. Ya kwanza ya kaka, mistari mitatu, anaomba ruhusa kwa msiba wa mtoto wa dada yake. Ya pili ni jibu la aliyekuwa mkuu wakati ule: haiwezekani, hakuna mtu wa kushika nafasi.

Aliniambia ameomba ruhusa. Kweli aliomba.

"Nakuamini," alisema mkuu wa idara. "Na mimi ni mama. Lakini daraja la huko chini mtoni lilijengwa kwa vipimo vya daftari hizi. Watu wakisikia tumejua kuna namba za kutunga tukanyamaza, hakuna atakayeamini hata za kweli. Angechora mstari, ningempigania. Hakuchora."

Daftari la kumi na mbili lilikuwa mezani kwake. Nimeomba nilione. Ni mwandiko wake kabisa, umeinama kidogo kulia. Safu ya maelezo ni tupu siku zote isipokuwa ya mwisho, tarehe kumi na tisa. Hapo kuna maandishi madogo ya penseli: *Jumla 151 nimeipima. Mgawanyo nimekisia.*

Maana yake mtungi ulikusanya mvua yote wakati hayupo, akarudi, akapiga magoti, akapima maji yote kwa uaminifu wake wote, halafu akayagawa kwenye siku kwa kubahatisha. Akaliandika hilo hapo hapo. Miaka minane daftari lilikuwa kabatini, na aliyelichapa aliruka penseli. Ningelifungua Aprili 11 ningeliona kwa dakika moja.

"Hii si inasema ukweli?" nilimwuliza.

"Penseli inaweza kuandikwa hata jana," alisema, na nikaona na yeye anaumia.

Mei 1

42.0 kituo cha juu ya mto, nimesikia. Chetu kimefungwa. Hakuna aliyeniambia niende kupima.

Mei 2

Nimegonga mlango wake. Alikuwa kitandani, amevaa, mikono kifuani, saa ya mkononi inaonyesha saa tatu na dakika kumi. Nikakaa sakafuni.

"Kwa nini hukuchora mstari?" nilimwuliza. Nilitaka kuanza na pole na likatoka hilo.

"Mstari wangeniuliza ulikuwa wapi. Nilikotaka kwenda walishanikatalia kwa barua. Ningefukuzwa mwaka ule, na mama yuko hapa, na wewe huko umekaa ukutani huongei." Akageuza uso ukutani. "Kwa nini unadhani siku ya kwanza kabisa nilikufundisha sifuri na mstari? Ni kitu kimoja nilichokivunja. Kimenikaa hapa miaka minane."

"Ningejua, kaka, wallahi ningejua..."

"Ungejua ungeniuliza. Nilikuomba hicho tu."

Nikalia. Hakunibembeleza, na kaka yangu tangu utotoni akiniona nalia hubembeleza hata kama ndiye aliyenipiga.

"Ulichokisema sina ugomvi nacho sana," alisema. "Ni kweli nilibuni. Wenye haki ya kucheka walicheka. Lakini ulipokwishajua, ukaendelea. Nilikuwa nahesabu zile slaidi. Kila moja nilisema, hii ndiyo atasimama."

Zilikuwa kumi na saba.

Mei 4

Mama ameongea leo, akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho. "Mimi nilijua. Aliniambia, mama, wakikuuliza, sema naumwa nimelala. Nilidanganya watu wawili pale mlangoni." Akatoa kijiwe, akakitupa. "Ulikuwa hutaki kula. Alikuwa akipiga simu anasema, leo amekunywa uji vijiko vitatu. Vitatu. Anahesabu."

Mei 7

Barua imetoka. Ameachishwa.

Mei 8

Nimemwandikia Profesa kwamba naacha. Amejibu, "Nipo njiani, tuongee." Mama ameisoma barua yangu na kusema, "Ukiacha, basi kaka yako atakuwa amefukuzwa bure, na mimi sina nguvu ya kubeba watoto wawili waliokaa tu." Nimeandika tena kwamba siachi.

Mei 9

Mkuu wa idara amenipa funguo za kituo. Hakuna mwingine anayejua kusoma kipimo. Nimezipokea kwa sababu mtungi ulikuwa umeachwa siku kumi na tatu.

Nilipofika kibandani sikuweza kukaa kwenye kigoda. Siku kumi na tatu nimezichorea mistari kumi na mitatu, mmoja mmoja, na nikapima jumla nikaiandika pembeni kwa wino. Mstari ndio uliokuwa somo la kwanza kaka alilonipa.

Mei 10

7.2.

Mei 11

7.8. Nilirudi nikasema kwa sauti pale sebuleni, "Saba nukta nane." Mlango wake ulikuwa wazi kidogo. Hakujibu.

Mei 12

0.0. Nilikuwepo.

Mei 14

13.4. Nimeisema tena. Safari hii nimesikia kitanda kikilia, kama mtu amegeuka.

Mei 16

Nimerudisha tarehe zote kwenye faili. Imenichukua siku mbili. Zile kumi na moja nimeziondolea namba, nikaweka mistari, na kwenye tanbihi nimenakili maneno ya penseli kama yalivyo. Profesa ameuliza kwa nini najipunguzia data. Nimemjibu kwamba nimemwuliza msomaji.

Sikumwuliza. Nimesoma alichokwisha kusema.

Mei 18

Kaka amepata kazi mbali, siku nzima na nusu kwa basi, kwenye mtambo wa kusafisha maji. Atakuwa anafungua na kufunga vali. Anaondoka keshokutwa, basi la saa tatu asubuhi. Amemwambia mama. Mimi nimesikia kupitia ukutani, ukuta ule ule unaovuja.

Mei 19

5.0. Kesho siwezi kuwa sehemu mbili.

Mei 20

Asubuhi mama alimwekea chai kwenye chupa, akamshika uso kwa mikono miwili, akaingia ndani haraka. Kaka akabeba begi akatoka. Nikachukua begi lake dogo nikamfuata. Hakunizuia na hakunipa. Tumetembea hadi stendi, mawingu yamejaa.

Basi lilikuwa linapakia. Akaangalia saa yake, mazoea ya miaka kumi na tisa.

"Saa tatu kasoro kumi. Nani yuko kituoni?"

"Hakuna mtu."

Akanigeukia. Ni mara ya kwanza kunitazama usoni tangu siku ya slaidi. "Mwalimu, rudi. Ukikimbia utawahi."

"Sirudi."

"Mradi ni wako. Hilo ni tundu kwenye data yako mwenyewe."

"Najua ni nini."

Utingo akapiga ubavu wa basi kwa kiganja. Kaka akachukua begi dogo mikononi mwangu. Nikamwambia lile neno nililopaswa kuanza nalo Mei 2. Nimemwambia nisamehe. Nimemwambia pale mbele ya wabeba mizigo, kwa sauti kubwa, kwa sababu injini ilikuwa imewashwa.

"Bado nina kinyongo, mdogo wangu," alisema. "Sitakudanganya kikaisha hapa stendi." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mtazame mama. Na uifute bilauri kabla ya kupima, huwa huifuti."

Akapanda. Nilimwona akitafuta kiti, akakaa upande wa pili, siyo wa dirisha langu. Saa tatu kamili basi likaondoka na mvua ikaanza papo hapo, kubwa. Nilisimama hadi lilipokata kona. Nililia kama ambavyo sikuwahi kulia kwa miaka minane, na safari hii hapakuwa na mtu mlangoni.

Nilifika kituoni saa nne na dakika ishirini, nimelowa chapachapa. Nimefuta bilauri. Nimepiga magoti. Maji yalikuwa 22.6, lakini sehemu ni ya jana na sehemu ni ya saa hii moja, na hakuna anayeweza kuzitenganisha. Ningeandika 5 au 10 hakuna ambaye angejua.

Kwenye safu ya mvua nimechora mstari. Kwenye ile ya maelezo, ambako hatuandiki barua, nimeandika kwa wino: *Msomaji hakuwepo. Alikwenda kumsindikiza kaka yake.* Nimeweka sahihi, nimefunga kabati, nimekaa kwenye kigoda chake kusubiri mvua ikatike.